Sekondari Msingi: Historia ya Shule ya Kati nchini Kenya, 1949–2026

Toleo la kumbukumbu kwa heshima ya kundi la kwanza, 2023–2025

## Dibaji

Tarehe 11 Desemba 2025 Waziri wa Elimu alitangaza matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi. Watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.13. Vijana hawa ndio waliofungua Gredi ya 7, wakafungua ya 8, kisha wakafungua ya 9. Kila walipofika hawakumkuta aliyewatangulia. Hapakuwa na kaka wa kuwaazima daftari, wala karatasi za mitihani ya miaka iliyopita za kujipimia, wala mwalimu aliyewahi kufundisha gredi hiyo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 2026, milango ya Gredi ya 10 katika shule za sekondari pevu ilifunguliwa kwa ajili yao.

Toleo hili linawaenzi vijana hao pamoja na walimu na wazazi wao. Linaeleza haja iliyoizaa sekondari msingi, taabu za miaka yake ya mwanzo, watoto inaowahudumia na masomo wanayoyapata. Linaeleza pia jambo moja ambalo halina budi kukumbukwa na kila anayeijadili taasisi hii. Tangu enzi za ukoloni, elimu ya kati nchini Kenya ilikuwa chujio, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwatenga wachache watakaoendelea na wengi watakaorudi nyumbani. Sekondari msingi ndiyo ngazi ya kwanza ya umri huo kuanzishwa kwa nia ya kumpokea kila mtoto bila kumchuja mlangoni. Fahari yake imo humo, na kipimo chake pia kimo humo.

## 1949–1964: Shule za kati za kikoloni

Chini ya serikali ya kikoloni, elimu iligawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na shule zao, Wahindi zao, Waarabu zao, na Waafrika zao, huku nyingi za Waafrika zikiendeshwa na misheni. Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na kasisi Leonard Beecher ilitoa ripoti kuhusu elimu ya Waafrika, na mapendekezo yake yakawa msingi wa mfumo wa miaka ya 1950: miaka minne ya shule ya msingi, minne ya shule ya kati, na minne ya sekondari.

Mwishoni mwa darasa la nne, mtoto alikalia mtihani wa mchujo. Aliyefaulu aliingia shule ya kati, ambayo mara nyingi ilikuwa mbali na kwao na ikimtaka alale bweni au atembee maili nyingi alfajiri na jioni. Aliyeshindwa alimaliza masomo akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Mwishoni mwa darasa la nane kulikuwa na mtihani wa pili, KAPE, uliowapeleka wachache mno sekondari. Mpango wenyewe ulikubali tangu mwanzo kwamba watoto wengi wa Kiafrika wataishia darasa la nne.

Wazazi hawakulinyamazia jambo hilo. Ripoti ya Beecher ilipingwa vikali, hasa katika maeneo ya kati ya nchi ambako jamii zilikuwa zimejijengea shule huru kwa michango yao. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ilizifunga shule hizo huru. Hata hivyo madai yao yalibaki pale pale: watu waliokuwa tayari kufyatua matofali na kuwalipa walimu kutoka mifukoni mwao walitaka watoto wao wasome zaidi ya darasa la nne.

## 1964–1984: Miaka saba ya msingi

Serikali ya uhuru ililipa suala la elimu kipaumbele. Tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilipendekeza shule ziwe za watoto wote bila kujali rangi, na elimu ya msingi iwe ya miaka saba. Shule ya kati ikafutwa na madarasa yake kuunganishwa na msingi. Mfumo mpya ulikuwa wa miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, na mitatu ya chuo kikuu.

Mtihani wa mchujo wa darasa la nne ulitoweka, na huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini mtihani wa darasa la saba, CPE, ukachukua nafasi yake. Ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati na karatasi ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikuwa na karatasi yake, na kwa sababu hiyo shule nyingi hazikukipa uzito.

Nafasi katika sekondari za serikali zilikuwa chache, basi wananchi wakajenga sekondari zao za harambee. Wanafunzi wengi wa shule hizo walikalia mtihani mwingine mwishoni mwa kidato cha pili, uliojulikana kama KJSE, nao ulikuwa cheti cha kazi kwa maelfu ya vijana ambao hawakuweza kufika kidato cha nne. Ngazi ya kati ilikuwa imefutwa katika mfumo, lakini haja yake ilibaki vijijini.

## 1985–2016: Enzi za 8-4-4

Tume ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Colin Mackay iliundwa kushughulikia chuo kikuu cha pili, lakini mapendekezo yake yaliugusa mfumo mzima. Januari 1985 mfumo wa 8-4-4 ulianza, na mwaka huo huo mtihani wa kwanza wa KCPE ukafanywa. Darasa la nane lilirudi, safari hii ndani ya shule ya msingi. Kiswahili kikawa somo la lazima lenye karatasi yake ya mtihani, na hatua hiyo ilibadilisha hadhi ya lugha hii katika madarasa ya Kenya.

Nia ya 8-4-4 ilikuwa kumpa mtoto ujuzi wa mikono. Sayansi kimu, useremala, kilimo, muziki na sanaa viliingizwa katika ratiba, na wazazi wakaombwa kuchangia ujenzi wa karakana. Baadhi ya shule zilifaulu kuzijenga, lakini nyingi hazikuweza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 idadi ya masomo yaliyotahiniwa ilipunguzwa, na mkazo ukarudi kwenye alama za KCPE. Hili ni fundisho ambalo sekondari msingi imelirithi. Somo la vitendo lililowekwa katika ratiba pasipo chumba, vifaa wala mwalimu wake huishia kuwa somo la ubaoni.

Upande wa uandikishaji, nchi ilipiga hatua kubwa. Elimu ya msingi bila malipo iliyoanza Januari 2003 ilipandisha idadi ya wanafunzi wa msingi kutoka takriban milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2008 karo ya masomo katika sekondari za kutwa ilianza kulipwa na serikali. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ilitamka kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka utaratibu wa kuitekeleza. Mwaka 2014 Wizara ilipiga marufuku kuorodhesha shule na watahiniwa kwa nafasi. Kuanzia 2018 sera ya kila mtahiniwa wa KCPE kwenda sekondari ilitekelezwa, machifu wakipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wasioripoti.

Hata hivyo KCPE ilibaki mlango mwembamba. Alama zake, zilizojumlishwa hadi 500, ndizo zilizoamua nani aende shule ya kitaifa na nani aende sekondari ya kutwa isiyo na maabara. Mtoto wa miaka 13 au 14 alibebeshwa uamuzi wa maisha katika siku tatu za mtihani.

## 2016–2022: Maandalizi

Wito wa kubadilisha mfumo ulikuwa wa muda mrefu. Tume ya Davy Koech ilikuwa imeutoa mwishoni mwa miaka ya 1990, na jopo la Profesa Douglas Odhiambo likaurudia mwaka 2012. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilifanya utafiti wa mahitaji mwaka 2016, na mwaka 2017 ikatoa Mwongozo wa Mtaala wa Elimu ya Msingi. Humo ndimo ngazi ya kati ilimorudi rasmi: miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, mitatu ya sekondari pevu, na mitatu au zaidi ya elimu ya juu.

Majaribio yalifanywa mwaka 2017 katika shule 470, na Januari 2019 Mtaala wa Umilisi, CBC, ukaanza kote nchini kwa chekechea na Gredi ya 1 hadi ya 3. Kundi lililotangulia ndilo hili tunaloliadhimisha. Walikuwa Gredi ya 4 mwaka 2020 shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na Oktoba mwaka huo walikuwa miongoni mwa madarasa matatu yaliyorudishwa mapema, pamoja na darasa la nane na kidato cha nne. Kuvurugika kwa kalenda kuliwafanya wasome mihula mifupi mwaka baada ya mwaka hadi ratiba iliporejea hali yake 2023.

Mpango wa awali ulikuwa Gredi ya 7 hadi ya 9 ziwe katika shule za sekondari. Serikali ilianza kujenga madarasa 10,000 huko mwaka 2021. Lakini kadiri siku zilivyokaribia, wazazi wengi walihoji vipi mtoto wa miaka 12 apelekwe bweni, na nani atalipa. Septemba 2022 Rais aliunda jopo la kurekebisha elimu chini ya Profesa Raphael Munavu. Baada ya kusikiliza maoni kaunti kwa kaunti, jopo lilipendekeza sekondari msingi ziwe ndani ya shule za msingi zilizopo, na mwanzoni mwa Desemba serikali ikaukubali ushauri huo.

Sababu zilikuwa na mashiko. Shule za msingi za umma ni zaidi ya 20,000, zaidi ya mara mbili ya sekondari, na karibu kila kijiji kina yake. Mtoto angeendelea kulala kwao. Mzazi asingehitaji sanduku la bweni, godoro wala nauli. Mwisho wa Novemba 2022, watoto zaidi ya milioni 1.2 wa Gredi ya 6 walifanya tathmini ya KPSEA, ambayo haikumzuia yeyote kuendelea.

## 2023: Kufunguliwa

Mwishoni mwa Januari 2023 Gredi ya 7 ilianza. Kwa majengo, mwaka huo ulikuwa mwepesi kuliko wengi walivyotazamia. Kwa kuwa hapakuwa tena na darasa la saba la mfumo wa zamani, chumba chake kilichukuliwa na Gredi ya 7. Mwaka 2024, baada ya KCPE ya mwisho ya Novemba 2023, chumba cha darasa la nane kilichukuliwa na Gredi ya 8. Uhaba ulijitokeza mwaka 2025, kwa sababu shule iliyojengwa kwa madarasa manane sasa ilihitaji tisa. Serikali Kuu na hazina za maendeleo za maeneobunge zilijenga maelfu ya madarasa ya Gredi ya 9, na pale yalipochelewa kukamilika wanafunzi walisomea katika kumbi, chini ya miti na katika vyumba vya kugawana.

Maabara lilikuwa suala gumu zaidi. Shule ya msingi haikujengwa kwa ajili ya mitungi ya gesi, mabomba ya maji na kabati za kemikali. Walimu wa Sayansi Jumuishi walijisaidia kwa vifaa vya kuokoteza. Chupa za plastiki, mishumaa, ndimu na majivu vilitumika kufundishia asidi na besi. Ubunifu huo unastahili sifa, na bado hauwezi kuchukua nafasi ya maabara.

Fedha za uendeshaji ziliwekwa kuwa shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Ni kiasi kikubwa sana ukilinganisha na shilingi 1,420 za mwanafunzi wa msingi, na ni kidogo kuliko shilingi 22,244 za sekondari. Ugumu umekuwa kuchelewa kwake. Fedha zinapofika katikati ya muhula, mwalimu mkuu huwa amekwisha kukopa chaki na karatasi dukani.

## 2023–2025: Walimu

Hakuna sura ya historia hii yenye uzito kuliko ya walimu. Mapema 2023 Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, iliajiri walimu 30,550 wa sekondari msingi. Kati yao 9,000 waliajiriwa kwa masharti ya kudumu, na 21,550 wakachukuliwa kama wanagenzi. Ukiwagawanya kwa shule zaidi ya 20,000, kila shule inapata mwalimu mmoja, au wawili ikibahatika. Mwalimu aliyesomea Historia na Kiswahili alijikuta akifundisha Hisabati, Sayansi na Masomo ya Kiufundi kwa sababu hapakuwa na mwingine. Wanagenzi wengine waliongezwa baadaye mwaka huo.

Wanagenzi walilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kazi ile ile ya mwalimu kamili. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba utaratibu huo ulikuwa kinyume cha sheria, na katika muhula wa pili wa mwaka huo walimu wakagoma wakidai ajira ya kudumu. Madarasa ya sekondari msingi katika sehemu nyingi yalikaa wiki kadhaa bila mafunzo. Bajeti iliyofuata ilitenga fedha za kuwaajiri, na Januari 2025 takriban walimu 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu. Kundi jipya la wanagenzi 20,000 liliongezwa.

Kumbukumbu hii inawashukuru walimu hao kwa jina la kazi yao. Waliingia katika shule zisizo na chumba cha walimu cha sekondari, wakafundisha mtaala uliokuwa ukirekebishwa huku unafundishwa, na wengi walitoa fedha zao kununua vifaa vya mradi wa wanafunzi. Kundi la kwanza lisingefika mwisho bila wao.

## Uongozi na usimamizi

Ripoti ya mwisho ya jopo la Munavu, iliyotolewa Agosti 2023, ilipendekeza chekechea, msingi na sekondari msingi zihesabiwe kuwa taasisi moja chini ya mkuu mmoja. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa shule ya msingi ndiye msimamizi, akisaidiwa na manaibu, bodi ya usimamizi na chama cha wazazi.

Mpango huu umeleta faida na mvutano. Faida ni kwamba anayemjua mtoto tangu chekechea bado anamwona kila siku, na shule ina daftari moja, lango moja na bodi moja. Mvutano umetokana na walimu wa sekondari msingi, wengi wao wenye shahada, kutaka ngazi yao iwe na uongozi wake. Baadhi ya wakuu wameutatua mvutano huo kwa kugawa madaraka kwa haki: mwalimu mmoja wa sekondari msingi anasimamia masomo ya ngazi hiyo, ana sauti katika matumizi ya fedha zake, na anahudhuria vikao vya bodi.

## Wanafunzi ni kina nani

Mwanafunzi wa sekondari msingi ana umri wa miaka 12 hadi 15. Ni umri wa kubalehe, wa kuuliza maswali mazito, na ndio umri ambao Kenya ilikuwa ikiwapoteza watoto wengi zaidi.

Wengi ni wa kutwa, nao wanatoka katika kaya za mapato ya chini na ya wastani, kwa kuwa shule za umma ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya kundi hili. Sura ya darasa hubadilika kwa mahali. Mitaani Nairobi na Mombasa, darasa moja linaweza kuwa na watoto sabini wa makabila kumi. Turkana na Garissa, darasa linaweza kuwa na watoto kumi na watano, na mmoja wao ametembea saa mbili. Katika kambi za Kakuma na Dadaab, shule hufuata mtaala wa Kenya, na watoto kutoka Somalia, Sudan Kusini, Kongo na Burundi hukalia mitihani ile ile na wenzao Wakenya.

Kwa watoto wenye ulemavu, mtaala umeweka mambo mawili muhimu. Lugha ya Ishara ya Kenya ni somo linaloweza kusomwa badala ya Kiswahili kwa wanafunzi viziwi, na kuna njia ya mafunzo ya awali ya ufundi kwa wale wasioweza kufuata hatua za kawaida. Shule maalumu za vipofu na viziwi zimefungua gredi hizi, ingawa vitabu vya breli na vifaa vyao vimekuwa vikichelewa kuliko vya wengine.

Wasichana wamenufaika kwa kubaki karibu na nyumbani. Sheria ya 2017 iliitaka serikali itoe sodo kwa wanafunzi wa shule za umma, na miongozo ya 2020 inamruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani. Wavulana nao wanahitaji kutazamwa. Kutoka Gredi ya 8, bodaboda, machimbo ya mchanga, uvuvi na miraa huanza kuwaita, na mshahara wa siku moja humshawishi kijana kuliko cheti cha miaka mitatu ijayo.

## Masomo na matokeo

Mtaala ulipoanza, mwanafunzi alibeba masomo hadi 14. Jopo la Munavu lilipendekeza yapunguzwe hadi tisa, na mpangilio huo ndio unaotumika:

| Somo | Mkazo wake |
|---|---|
| Kiingereza | Kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika |
| Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya | Mawasiliano, sarufi na fasihi |
| Hisabati | Namba, vipimo, jiometri na takwimu |
| Sayansi Jumuishi | Fizikia, kemia na biolojia pamoja na afya |
| Masomo ya Jamii | Historia, jiografia na uraia |
| Elimu ya Dini | Ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu |
| Masomo ya Awali ya Kiufundi | Michoro, vifaa, kompyuta na biashara |
| Kilimo na Lishe | Bustani, mifugo, mapishi na usafi |
| Sanaa Bunifu na Michezo | Muziki, uchoraji, maigizo na riadha |

Matokeo ya mwisho hayategemei mtihani mmoja. KPSEA ya Gredi ya 6 huchangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 asilimia 60. Kwa njia hiyo, mtoto aliyeugua siku ya mtihani hapotezi kazi ya miaka minne yote.

Kila somo hupimwa kwa viwango vinne, kila kimoja kikigawanywa mara mbili, na alama zikiwa kutoka 8 hadi 1:

| Kiwango | Alama |
|---|---|
| Kuzidi Matarajio | 8 na 7 |
| Kufikia Matarajio | 6 na 5 |
| Kukaribia Matarajio | 4 na 3 |
| Chini ya Matarajio | 2 na 1 |

Jumla ya juu kabisa katika masomo tisa ni 72. Alama hizo, pamoja na chaguo la mwanafunzi, humwelekeza katika mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari pevu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali ilipanga asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa kwanza, na katika matokeo ya 2025 zaidi ya nusu ya watahiniwa walionyesha uwezo wa kuufuata. Kwa kundi lililosoma sayansi kwa chupa na ndimu, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo kuna tarakimu inayostahili kusomwa kabla ya alama zozote. KPSEA ya 2022 ilifanywa na watoto zaidi ya milioni 1.2. KJSEA ya 2025 ilifanywa na takriban milioni 1.13. Makumi ya maelfu ya majina yalikuwemo kwenye orodha ya kwanza na hayamo kwenye ya pili. Baadhi ya watoto walihamia mitaala mingine au nchi nyingine, na wengine walirudia gredi. Lakini wapo walioolewa, walioajiriwa, waliougua, na waliohamahama kwa ukame au kwa wizi wa mifugo. Kwa mtihani wa kuchuja, watoto hao wangehesabiwa kuwa wameshindwa, na kisa kingeishia hapo. Kwa taasisi iliyoanzishwa ili impokee kila mmoja, kila jina lililokosekana ni kazi ambayo bado haijamalizika.

## Jedwali la matukio makuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1949 | Ripoti ya Beecher. Mfumo wa miaka minne ya msingi na minne ya shule ya kati |
| 1952 | Shule huru za Waafrika zafungwa chini ya hali ya hatari |
| 1964 | Tume ya Ominde yafanya kazi yake. Ubaguzi wa rangi shuleni waanza kuondolewa |
| 1985 | 8-4-4 na KCPE ya kwanza. Kiswahili chatahiniwa kwa lazima |
| 2003 | Elimu ya msingi bila malipo |
| 2010 | Katiba yatambua haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima |
| 2017 | Mwongozo wa mtaala mpya. Majaribio katika shule 470 |
| 2019 | Mtaala wa Umilisi waanza nchini kote |
| 2022 | KPSEA ya kwanza. Sekondari msingi yawekwa ndani ya shule za msingi |
| 2023 | Gredi ya 7 yafunguliwa. Masomo yapunguzwa hadi tisa. KCPE ya mwisho |
| 2024 | Gredi ya 8. Mgomo wa walimu wanagenzi |
| 2025 | Gredi ya 9. Takriban walimu 46,000 waajiriwa kwa kudumu. KJSEA ya kwanza |
| 2026 | Kundi la kwanza laingia Gredi ya 10 |

## Neno la mwisho

Sekondari msingi imetimiza ahadi yake ya kwanza. Imewapokea watoto wote waliofika mlangoni, karibu na kwao, bila kuwauliza alama. Ahadi ya pili, ya kuwapa wote hao elimu yenye uzito sawa, bado inadai maabara, walimu waliosomea masomo wanayofundisha, na fedha zinazofika mwanzoni mwa muhula.

Kwa Wizara na Bunge, ombi letu ni kwamba maabara za sekondari msingi zipewe fungu lake katika bajeti na zisiachiwe michango ya wazazi, kwa maana tulikwisha kuona mwaka 1985 yaliyozipata karakana. Kwa TSC, tunaomba kila shule ipate angalau mwalimu mmoja wa Hisabati na Sayansi na mmoja wa lugha, aliyesomea kazi hiyo, kabla ya shule yoyote kupewa wa tatu.

Kwa kila mwalimu mkuu, bodi, chifu na mzazi, tuna ombi moja linaloweza kuanza Jumatatu ijayo. Fungueni daftari la Gredi ya 7 la 2023, mlilinganishe na orodha ya watahiniwa wa 2025, muandike majina yasiyoonekana, kisha mwende nyumba kwa nyumba kuwatafuta wenyewe. Mlango wa kurudi shuleni uko wazi kisheria, nao wana haki ya kuupitia.